Jaji wa Jumapili Jioni: Namna ya Kupima Timu za Hakathoni

Ukipokea ile meseji ya "tunaomba uwe jaji wetu Jumapili saa kumi jioni" kutoka kwa waandaaji wa hakathoni, yale mashindano ya wikiendi ambapo timu zinajenga wazo la biashara ya teknolojia kuanzia Ijumaa hadi Jumapili, usijibu "sawa" kabla hujauliza mambo matatu. Tuzo ni nini? Karatasi ya alama imeandikwaje? Na je, majaji wanaruhusiwa kupita kwenye meza za timu Jumamosi? Posho iulizie mwisho, maana mara nyingi ni fulana na biriani.

Mimi ni mhasibu. Kazi yangu ya kila siku ni vitabu vya wafanyabiashara wa Kariakoo: mizigo, risiti za EFD (mashine za kodi), madeni yaliyoandikwa nyuma ya kalenda. Programu siandiki. Naitwa kwenye hakathoni kwa sababu waandaaji wengi wanapanga meza ya majaji kwa mpango uleule: mmoja wa teknolojia, mmoja wa mdhamini, mmoja wa chuo au kituo cha ubunifu, halafu "mtu wa hela". Mtu wa hela ndiye mimi. Haya nayaandika kwa atakayekalishwa kiti hicho au cha jirani yake kwa mara ya kwanza.

Tuzo ndiyo inayokuambia unatafuta nini. Kama ni fedha taslimu tu, unapima kazi ya siku tatu, basi. Kama ni nafasi ya kulelewa kwenye kituo kwa miezi kadhaa, unachagua watu watakaorudi Jumatatu na mwezi ujao, wakati kelele zimeisha na hakuna wa kuwapigia makofi. Kama ni tiketi ya kwenda kushindana nje ya nchi, hapo kweli uwezo wa kusimama na kuongea una uzito wake. Nimekaa na majaji ambao kila mmoja alikuwa anatoa tuzo yake kichwani, tukabishana mpaka watu wakaanza kufunga viti, na ubishi wote ungekwisha kwa kusoma sentensi moja ya tangazo.

Mtindo huu wa wikiendi ulisambaa duniani zaidi kupitia Startup Weekend, iliyoanzia Boulder, jimbo la Colorado nchini Marekani, mwaka 2007. Ni saa 54: Ijumaa jioni mtu ananadi wazo lake kwa sekunde 60, watu wanajigawa timu, Jumapili kila timu inasimama kwa dakika tano hivi na kuulizwa maswali. Vipimo vyao vya kawaida ni vitatu: hela itaingiaje, wateja wameulizwa au wamebuniwa, na kilichojengwa kinafanya kazi na kueleweka. Waandaaji wa kwetu huongeza vya kwao: ubunifu, manufaa kwa jamii, ushiriki wa wanawake, matumizi ya teknolojia ya mdhamini. Mwishowe unapewa karatasi ya alama mia. Sijui binadamu anayeweza kutofautisha timu ya 67 na ya 71 baada ya kuisikiliza dakika tano. Omba vipengele vibaki vinne au vitano, kila kimoja alama 1 hadi 5. Wakikataa, jaza karatasi yao kwa heshima, lakini kwenye daftari lako weka kipimo chako.

Changu ni hiki: Ijumaa waliamini nini, na leo wanajua nini?

Kampuni haijengwi wikiendi. Zipo zilizoanzia huko: Zapier ilianza kama mradi wa Startup Weekend ya Columbia, Missouri, mwaka 2011, na Easy Taxi ilitokea kwenye ile ya Rio de Janeiro mwaka huohuo. Ila ukiwa na timu kumi mbele yako huwezi kujua ipi itafika huko, na hukuitwa kupiga ramli. Kinachoonekana kwa macho ndani ya siku tatu ni jinsi hawa watu wanavyofanya pale ukweli unapogongana na wazo lao.

Na mfano mzuri kuliko yote uko Afrika Mashariki. Safaricom ilipoanza majaribio ya M-Pesa mwaka 2005, mpango ulikuwa wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo walipe marejesho yao kwa simu. Waliopewa huduma wakaanza kutumiana hela wao kwa wao. Ilipozinduliwa rasmi Kenya, Machi 2007, ilinadiwa kwa jambo hilohilo, kutuma pesa nyumbani, na mwaka uliofuata Vodacom ikaileta Tanzania. Ungepewa lile wazo la marejesho Jumapili jioni ungeliandikia alama tatu kati ya tano na kuita timu inayofuata. Kilichokuwa na thamani ni kwamba kuna watu walitazama wateja wanafanya nini, wakawafuata.

Nitakuonyesha kwa timu moja niliyoipigania. Ijumaa walikuja na aplikesheni ya VICOBA, vile vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana: kila mwanachama aone hisa, mikopo na faini zake kwenye simu, daftari la katibu litupwe. Jumamosi wakaenda Manzese kukaa na kikundi cha kina mama siku ya kikao. Wakaona sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu. Wakaona hela zinahesabiwa mezani kwa sauti, wote wanasikia, katibu anaandika. Kijana mmoja akauliza daftari lina tatizo gani. Mweka hazina akamjibu, "Daftari halina tatizo mwanangu. Tatizo ni yule ambaye hakuja kikaoni." Asiyekuja, aliyemtuma jirani ampelekee mchango, ndiye anayerudi wiki ya pili kudai kwamba alitoa elfu ishirini ikaandikwa kumi, na kikundi kinagawanyika hapo.

Jumapili wale vijana walisimama bila aplikesheni. Walikuwa na kitu kidogo tu: katibu akishaandika daftarini, anatuma namba ya mwanachama na kiasi, na mwanachama anapata SMS hapohapo, hata kama ana kitochi. Daftari limebaki. Sanduku limebaki. Ukurasa wa katibu ulikuwa na rangi za kuumiza macho, na jaji mwenzangu alishawapa mbili za ubunifu kabla hawajamaliza. Mimi niliandika kwamba wameliacha wazo walilolipenda kwa sababu ya sentensi ya mama mmoja, na kwamba sentensi yenyewe wameielewa. Timu nyingi zingetoka pale Manzese na aplikesheni ileile, wakaongeza kitufe cha "wasiohudhuria".

Ndiyo maana nakwambia Jumamosi upite kama unaruhusiwa. Nenda saa tano asubuhi. Meza yenye viti vitupu na laptopu zimefunikwa ni dalili nzuri, maana wenyewe wako sokoni, stendi au hospitali. Meza ambayo wote sita wamevaa visikilizi vya masikioni tangu asubuhi, wanajenga, inanitia shaka. Pita, uliza wanatafuta nini leo, ondoka. Usitoe ushauri. Kazi hiyo ina watu wake, na ukishasema "mimi ningeweka na malipo ya simu hapa", Jumapili utakuta malipo ya simu yapo kwa sababu jaji aliyataka.

Jambo la lugha lishughulikie mapema, ikiwezekana kwa kumpigia mwandaaji Alhamisi. Vijana wetu wengi wanaamini kunadi wazo ni lazima kwa Kiingereza, hata pale majaji wote ni Waswahili na mteja ni muuza genge wa Tandale. Matokeo yake anapanda mtu aliyekariri, anatamka maneno makubwa, na swali la kwanza tu linamzima. Mwandaaji atangaze Ijumaa, na arudie Jumapili, kwamba Kiswahili ni sawa na alama hazitapungua. Nawe ukiuliza swali ukaona binti anatafuta maneno hewani, sema, "Tueleze kwa Kiswahili tu." Mara nyingi hapo ndipo unapogundua kwamba aliyekuwa pembeni kimya ndiye aliyekwenda kwa wateja.

Hilo la aliyekuwa pembeni nalo lina namna yake. Kwenye timu yenye wanaume wanne na mwanamke mmoja, kipaza sauti kinazunguka kwa wale wanne. Usiulize "nani atajibu?" Uliza "nani kati yenu aliongea na wateja?" na huyohuyo ndiye ajibu. Mwenye laptopu ajibu ya kiufundi. Mwenye suti apumzike kidogo.

Sasa maswali. Una dakika tatu au nne na majaji wenzio wanazitaka pia, kwa hiyo huwezi kuuliza kila kitu. Kubalianeni kabla nani anashika eneo gani, na mwenye hotuba ndefu awekwe mwisho. Nimemwona jaji akitumia dakika zote za timu kueleza namna yeye alivyoanza biashara yake. Vijana wakashuka jukwaani hawajaulizwa kitu.

Swali ninaloliuliza kila timu: mliongea na nani, na alisema nini ambacho hamkukitegemea? Nusu ya pili ndiyo swali lenyewe. Wengi watajibu kwamba walifanya utafiti na asilimia tisini wamesema wataitumia. Huo utafiti ni fomu ya Google iliyorushwa kwenye grupu la WhatsApp la darasa lao usiku wa manane. Siku hizi kuna baya zaidi: majibu ya "wateja" yaliyotungwa na akili bandia, yamepangika vizuri, kila mteja ana tatizo lilelile ambalo aplikesheni inalitatua. Usibishane na asilimia. Omba mtu mmoja. Anafanya kazi gani, mlimkuta wapi, alikuwa anafanya nini mlipofika, alikasirishwa na nini? Mtu wa kweli ana vitu visivyohusiana na mada. Alikuwa ananyonyesha, alikuwa anagombana na mgambo, alikataa kuongea mpaka mnunue juisi. Wa kutunga hana.

La pili ni: leo wanafanyaje bila ninyi? Hapa ndipo timu za kilimo zinapoteleza, na timu za kilimo haziishi. Chukua nyanya za Ilula, mkoani Iringa. Kila msimu wa hakathoni kuna slaidi inayoonyesha mkulima upande mmoja, mama lishe wa Dar upande mwingine, na katikati dalali amepigwa mstari mwekundu. Dalali ana sifa mbaya kwenye kila slaidi. Lakini mkulima mwenyewe ukimuuliza, mara nyingi dalali ndiye aliyempa hela ya dawa na mbolea kabla nyanya hazijatoka. Ndiye anayejua lori gani linashuka leo. Ndiye anayelipokea tenga usiku sokoni, na ana watu wa kulibeba na wa kuliuza kabla halijalainika. Kwa hiyo timu inaposema "tunamwondoa dalali", uliza kwa upole: mkulima atakopeshwa na nani mkishamwondoa? Na tenga likifika robo limeoza, hasara ni ya mkulima, ya dereva, ya mama lishe, au yenu? Sitegemei jibu kamili. Nasikiliza kama swali wameshawahi kulikuta kabla yangu. Timu iliyokwenda soko la Ilala alfajiri ya Jumamosi itacheka kidogo, itasema "hapo ndipo tulipokwama", na itakueleza imeamua nini. Iliyobaki ukumbini itakwambia kuhusu mfumo wa nyota tano wa kumpima muuzaji.

La tatu ni hela, na hapa nakuomba uwe na kalamu. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na kila timu inaomba asilimia moja tu. Ukurasa huo uruke. Fanya hesabu ya muamala mmoja, nyuma ya karatasi ya alama, wakati bado wanaongea. Timu ya kusambaza chakula cha mchana, kwa mfano: sahani ya wali maharage 3,000, kamisheni ya aplikesheni asilimia kumi, bodaboda 2,000 analipa mteja. Kamisheni ni shilingi 300. Kabla ya makato ya muamala wa simu, kabla ya bando, kabla ya chakula kilichomwagika. Kumlipa kijana mmoja wa kupokea simu za malalamiko 600,000 kwa mwezi unahitaji oda 2,000, ambazo kwa siku 26 za kazi ni kama oda 77 kila siku. Kwa mtu mmoja. Na wakisema mwezi wa kwanza usafiri ni bure ili kuvuta wateja, basi kila sahani inayotoka inawapotezea 1,700, na wakifanikiwa sana ndiyo wanafilisika mapema. Halafu kuna mteja mwenyewe, anayetakiwa kutoa 5,000 kwa sahani ambayo mama lishe anauza ng'ambo ya barabara.

Ukishaipata hesabu hiyo usiifiche, wala usiitumie kuwaaibisha. Isome kwa sauti: "Nimepata oda 77 kwa siku ili kumlipa mtu mmoja. Mnaionaje?" Timu nzuri niliyowahi kuiuliza hivyo ilinyamaza, wakatazamana, kisha mmoja akasema wangeacha sahani mojamoja na kwenda kwenye maofisi yanayoagiza hamsini kwa mpigo, safari moja ya bajaji. Walifikiri mbele yangu, kwa dakika moja, na mwelekeo ulikuwa sahihi. Hiyo ni alama tano hata kama slaidi yao ilikuwa na kosa.

Kuhusu aplikesheni yenyewe nina maneno machache, maana si eneo langu. Kwanza, kitu kinachofanya kazi Jumapili hakina tena uzito kiliokuwa nao. Zamani kilikuwa ushahidi wa kukesha. Sasa mwenye kujua kuiagiza akili bandia anapata kurasa nzuri kabla chai haijapoa, kwa hiyo uzuri wa skrini upe alama zake chache na uendelee. Pili, michoro ya skrini iliyounganishwa ili ionekane kama programu si dhambi, mradi wamesema ni michoro. Ukitaka kujua, toa simu yako: "Nitumie mimi, hii namba yangu." Kama ni michoro atakwambia, na hapo anapata alama ya ukweli. Akianza kulaumu mtandao wa ukumbi, andika alama ya kuuliza. Tatu, kanuni nyingi zinakataza kuja na kazi iliyokamilika kabla ya Ijumaa. Kama kuna shaka, jaji wa teknolojia aombe kuona kumbukumbu za mabadiliko kwenye GitHub, mtandao ambako waandishi wa programu huhifadhi kazi zao. Dakika mbili zinatosha. Na umeme ukikatika au projekta ikigoma, simamisha saa. Nimeona timu ikipoteza dakika zake nzima inahangaika na waya, na mwenye kipaza sauti akatangaza "muda umekwisha" kana kwamba waya ni wao.

Sheria. Sipendi jaji anayetumia sheria kuua wazo la mwanafunzi, ila kuna sekta ambazo mwenye wazo asipojua mlango ni upi, hajaanza. Usafiri ni LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na timu ya usafiri inapaswa kujua kilichotokea Aprili 2022, Uber iliposimamisha huduma Tanzania baada ya LATRA kuweka nauli na ukomo wa kamisheni, ikarudi mwaka uliofuata kanuni zilipolegezwa. Ukubwa wote ule, na nauli na kamisheni tu zikawasimamisha. Mikopo ya simu ni Benki Kuu, ambayo Novemba 2024 ilitoa orodha ya aplikesheni 69 za kukopesha zisizo na leseni na kuzikataza. Timu inayosema "tutasoma majina kwenye simu ya mkopaji ili asipolipa tuwapigie ndugu zake" nayo niliisikia, kwa masikio yangu, na ukumbi ulipiga makofi. Hapo ndipo jaji anapouliza kuhusu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Sihitaji wataje vifungu. Nahitaji waone aibu kidogo.

Namna ya kuandika alama: timu ya kwanza usiipe namba mara moja. Andika maneno, kumbuka sentensi waliyosema, subiri mpaka ya tatu ndipo urudi nyuma uweke namba. Ya kwanza huwa inaonewa kwa sababu hakuna wa kuilinganisha naye, na ya mwisho inaonewa kwa sababu majaji wana njaa. Kila timu iandikie mistari miwili: Ijumaa waliamini hivi, leo wanajua hivi. Ukikuta mistari yote miwili inafanana, umeshapata jibu.

Kisha mnaingia chumbani, na chumbani ndiko kazi ilipo.

Kabla mtu hajafungua mdomo, kila jaji aandike timu zake tatu kwenye karatasi na kuigeuza kifudifudi. Usikubali kuanza na "Profesa utuanzie". Profesa akisema timu namba nne ni nzuri, wadogo wote watagundua kwamba na wao waliipenda namba nne. Karatasi zikifunuliwa utaona makubaliano yapo wapi, na muda wote uende kwenye timu ambayo mmoja ameiweka ya kwanza na mwingine hata hakuitaja. Huyo wa kwanza aeleze aliona nini. Hivi ndivyo ile timu ya VICOBA ilivyofika nafasi ya pili, kutoka kutotajwa na watatu kati yetu.

Mwenye ndugu, mwanafunzi wake, au mfanyakazi wake kwenye timu aseme mapema na atoke ikijadiliwa. Mji ni mdogo, na jambo hili ni la kawaida. Fitina inaanza pale lisiposemwa. Kuhusu mdhamini, kuna mahali mjumbe wa mdhamini alitwambia waziwazi kwamba bosi wake amekwisha kuandaa picha na timu inayotumia huduma yao. Mwenyekiti wetu, mama mmoja mtulivu, akamjibu, "Basi anzisheni tuzo yenu ya pembeni, muitoe wenyewe, na hii ya majaji mtuachie." Wakakubali hapohapo. Jibu hilo nalibeba kila ninapoitwa, na sijaona mdhamini aliyelikataa, kwa sababu anapata picha yake.

Matokeo yakishatangazwa usikimbilie gari. Walioshindwa watakuja, wengine wamevimba macho kwa usingizi tu, wengine kwa kulia. "Mmefanya vizuri sana, endeleeni hivyohivyo" usiwaambie, maana wamekaa siku tatu na wanastahili zaidi ya hapo. Mwambie jambo moja ulilolisikia, kwa maneno yake mwenyewe, na mahali pamoja pa kwenda wiki hii. "Ulisema madereva wa bajaji wanalipa hesabu kila jioni. Nenda kijiwe cha Mwenge kesho kutwa, kaa mpaka tajiri mmoja aje kuchukua hesabu yake, utazame inavyokwenda." Kama hukusikia kitu cha kumwambia, nyamaza, mpe mkono.

Walioshinda nao wana jambo, na hili ni la mhasibu kwa hiyo nalifanya mwenyewe kabla hundi ya kadibodi haijapigwa picha. Nawavuta pembeni na karatasi nyeupe. Majina yote kamili, pamoja na yule aliyeondoka Jumapili asubuhi kwenda kazini. Wazo lilikuwa la nani, programu imeandikwa na nani na iko kwenye akaunti ya nani. Nani anaendelea na nani alikuja kwa wikiendi tu. Tuzo inagawanywa sawa au kuna sehemu inabaki ya kazi. Wote wanasaini, kila mmoja anapiga picha kwa simu yake. Wanaona haya mwanzoni, wanasema "sisi ni marafiki, mama". Ninawauliza hela itaingia kwenye namba ya nani, na yule anayetaja namba yake haraka kuliko wenzake ndiye ninayempa kalamu aanze kusaini.